Mipaka ya Mdhamini: Semi za Ruwaza kama Sarufi ya Mamlaka ya Kutia Saini

Mkazi wa Kata ya Maji ya Chai, wilayani Arumeru, anayetaka kufungua akaunti benki au kumwekea ndugu yake dhamana mahakamani, mara nyingi huanzia kwa mtendaji ili apatiwe barua ya utambulisho. Benki haimjui mwombaji, inauamini mhuri. Hata hivyo, mhuri huo una mipaka: mtendaji wa Maji ya Chai hamtambulishi mkazi wa Usa River, hata kama anamfahamu tangu utotoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika usimamizi wa funguo za usimbaji fiche mipaka ya aina hiyo huwekwa kwa sarufi, na kwamba kosa dogo la sarufi hubadili mamlaka yenyewe.

Katika kanuni za OpenPGP, zilizotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2007 na 2024, mtumiaji hutia saini ufunguo wa mwenziwe kuthibitisha kwamba ni wake kweli. Anaweza pia kumfanya mwenziwe huyo mdhamini, yaani saini zake juu ya funguo za wengine nazo zikubaliwe. Ili udhamini usivuke mipaka, huambatishwa usemi wa ruwaza, ambao ni fomula inayobainisha mifuatano ya herufi inayokubalika. Dhana hii inatokana na kazi ya Kleene iliyochapishwa mwaka 1956, mwaka uleule ambao Chomsky alitoa hoja kwamba sarufi za hali-kikomo haziitoshelezi sintaksia ya Kiingereza. Kwa majina ya anwani zinatosha.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa mdhamini ambaye mamlaka yake yaishie kwenye anwani za Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru:

<[^>]+[@.]nm-aist\.ac\.tz>$

Mabano ya pembe hufungia anwani. Sehemu ya [^>]+ hudai alama moja au zaidi isiyo mabano ya kufunga. Sehemu ya [@.] hudai kwamba jina la taasisi litanguliwe na @ au nukta, ikiachwa, juma@bandianm-aist.ac.tz atapita. Mkwaju ulio mbele ya nukta ndio unaosahauliwa zaidi. Bila mkwaju nukta si nukta tena, bali ni kiwakilishi cha alama yoyote, na nm-aistxac.tz hukubaliwa. Viishio vya mwisho vikidondoshwa, <juma@nm-aist.ac.tz.example.com> naye huwa mwanataasisi. Mwanaisimu atatambua hapa tatizo la mipaka ya mofimu, ingawa katika mofolojia kosa kama hilo huzaa uchanganuzi mbaya tu, si mgeni mwenye ufunguo.

Ikumbukwe kwamba usemi huu hupima umbo la jina, si ukweli wake. Mdhamini asiye mwaminifu bado anaweza kumthibitisha Juma bandia ndani ya taasisi ileile.

Kuna hatari nyingine, isiyo ya kisarufi. Kanuni huruhusu kizuizi hiki kitiwe alama ya ulazima. Programu isiyofahamu semi za ruwaza ikikuta alama hiyo, inapasa kuihesabu saini nzima kuwa na kasoro. Alama isipokuwepo, programu hiyo inaweza kukipuuza kizuizi na kuuacha udhamini ubaki, na mtendaji wa kata moja akawa anagonga mhuri kwa nchi nzima.