Somo kwa Mwenye Moyo Uliolemewa

Wewe mama, labda umekuja hospitali mara nyingi kwa sababu ya kichwa kuuma, kukosa usingizi na moyo kupiga upesi. Munganga alikupima, hakuona ugonjwa wa mwili. Usifikiri anasema unadanganya. Mtu aliyepatwa na jambo la kutisha anaweza kuteswa hivyo, na kuna masomo ya kumsaidia.

Wanawake sita mpaka wanane huketi pamoja na mwalimu wao kwa muda wa saa mbili, mara 11. Kwanza wanajifunza kutenga mambo matatu: jambo lililotokea, wazo lililolifuata, na uchungu uliozaliwa na wazo lile.

Tuseme mama mmoja alimtuma mume wake sokoni, naye akauawa njiani na wanyang'anyi. Tangu siku ile anasema, "Mimi ndimi niliyemwua." Kifo cha mume ni jambo lililotokea. "Nilimwua" ni wazo tu, na haya yake inatoka huko. Mwalimu hamwambii, "Nyamaza, usilie." Anamwuliza: Je, ulijua kwamba wanyang'anyi wako njiani? Kama ungalijua, ungalimtuma? Wenzake nao wanasema, na mara nyingi neno la mjane mwenziwe linaingia kuliko neno la munganga. Huzuni ya kufiwa inabaki. Hatia isiyo yake inaanza kumwacha.

Labda unasema, "Lakini mimi sijui kusoma." Si kitu. Katika Kivu Kusini wanawake walioshikwa kwa nguvu walifundishwa hivyo. Wengi hawakujua kusoma, wakashika masomo kwa kichwa. Katika vijiji vingine walisaidiwa mmoja mmoja, bila masomo hayo. Habari yao ilitangazwa mwaka 2013: miezi sita baada ya masomo, wanawake 9 katika 100 wa makundi walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni au wa hofu. Katika vijiji vile vingine walikuwa 42 katika 100.

Maneno ya darasani hayapelekwi kisimani, wala kwa shemeji. Asiyeweza kunyamaza aseme mapema, asiingie. Siku za kwanza moyo unaweza kuuma zaidi. Usiache masomo kwa ajili ya hiyo. Lakini wazo la kujiua likikujia, usingoje siku ya darasa. Mwambie muuguzi leo, hata kama ni usiku, na ndugu mmoja akae nawe.