SOMO LA AFYA: MAFIGO YANAPOSHINDWA KAZI

Tumeulizwa na mama mmoja wa mtaa wetu: "Mwalimu, ni kweli kwamba mtu akiwekwa kwenye mashine ya figo hafiki mbali?" Swali hili si dogo, maana jibu lake la uongo huua. Nasi tunakiri kwamba zamani tulilijibu vibaya. Tujifunze pamoja.

1. Kazi ya mafigo

Mafigo ni mawili, nayo yako upande wa mgongo, chini ya mbavu. Kila moja ni kadiri ya ngumi, na umbo lake ni kama punje ya haragwe. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja mafigo huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu. Karibu yote hurudi mwilini. Lita 1 au 2 tu hutoka kama mkojo pamoja na taka.

Mfano wake ni kifumbu cha kuchujia tui. Kikichanika, chicha huingia katika tui. Kikiziba, tui halipiti. Vivyo hivyo figo likiharibika, protini ya damu hupotea mkojoni, na taka hubaki mwilini.

2. Jinsi yanavyoharibika

Yako maradhi ya ghafla, kama baada ya kuharisha sana, malaria kali, au kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Haya, yakiwahiwa, mara nyingi hupona.

Yako pia ya pole pole, ambayo hasa huletwa na kisukari na presha. Haya hayaponi, lakini yanaweza kucheleweshwa. Ubaya wake ni kwamba hayaumi. Miguu inapovimba, hamu ya chakula inapopotea na pumzi inapokuwa fupi, mara nyingi sehemu kubwa ya mafigo imekwisha haribika. Kwa hiyo tusingoje dalili. Mwenye kisukari au presha na apimwe mkojo na damu kila mwaka, wala asiache vidonge kwa sababu "anajisikia vizuri." Tena tusimeze dawa za maumivu ovyo, wala mizizi tusiyoijua.

3. Njia za matibabu

(a) Mashine. Damu hupita katika mpira, husafishwa katika chujio, kisha hurudishwa mwilini. Kwa kawaida ni mara 3 kwa juma, saa 4 hivi kila mara. Mashine ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa na daktari Willem Kolff huko Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita. Gharama yake ni mzigo mzito, na jamaa huhitaji kusaidiana.

(b) Kusafisha kwa njia ya tumbo. Maji maalum hutiwa tumboni kwa mpira, huvuta taka, kisha hutolewa. Mgonjwa aweza kufanya nyumbani kila siku, ila usafi lazima uwe mkubwa. Njia hii haipatikani kila mahali.

(c) Kupandikiza figo. Huko Boston, Marekani, mwaka 1954, mtu alipewa figo na pacha wake, akapona. Kwetu Tanzania kazi hii ilianza Muhimbili mwaka 2017, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Mpokeaji humeza vidonge siku zote ili mwili usilikatae figo. Mtoaji hupimwa kwanza kwa makini, na akiwa mzima aweza kuishi vyema kwa figo moja. Lakini atoe kwa hiari, asishurutishwe na kikao cha ukoo.

(d) Kutunzwa bila mashine. Mzee sana, au mwenye maradhi mengine mazito, aweza kuchagua dawa za kumpunguzia uvimbe, maumivu na shida ya pumzi. Huku si kumtupa mgonjwa.

4. Jibu letu

Mwaka mmoja kabla hatujastaafu, mwalimu mwenzetu chuoni aliambiwa na daktari aanze mashine. Alitujia jioni tukisahihisha madaftari, akaomba shauri. Tukamwambia, "Usifanye haraka, wengi walioingia huko hawakutoka." Akakaa nyumbani miezi miwili akinywa mizizi. Alipelekwa hospitali akiwa hawezi hata kulala chali kwa kukosa pumzi. Siku ya tatu ya mashine akafa. Matangani watu wakasema, "Mmeona? Mashine imemwua." Nasi tulinyamaza.

Mama yetu, jibu ndilo hili: wengi hufa upesi kwa kuwa wamefika wamechelewa. Anayeanza mapema aweza kuishi miaka, akalea na kufanya kazi. Si kwamba mashine haina hatari. Bali kuchelewa kuna hatari zaidi. Ukiulizwa shauri na mgonjwa, mwambie arudi kwa daktari, nawe umsindikize. Sisi hatukumsindikiza mwenzetu.

Maswali ya kujadili mtaani

1. Kwa nini mwenye presha asingoje kuvimba miguu ndipo apimwe?
2. Taja njia nne za matibabu. Ni ipi inayohitaji msaada wa jamaa zaidi, nasi tunaweza kusaidia vipi?
3. Ni nani nyumbani mwako ambaye hajapimwa presha mwaka huu?