Somo: Sanduku la Sauti katika Ofisi ya Chama

Ndugu wafanyakazi wa mashambani na viwandani,

Somo letu la safari hii ni juu ya sanduku la sauti. Hilo si sanduku la mbao wala la bati. Ni sehemu ndani ya mtambo wa simu ya ofisi inayohifadhi maneno ya mtu aliyepiga akakosa wa kumjibu. Mpigaji anasikia salamu, kisha mlio, anasema shida yake na kukata. Baadaye mtu wa ofisi anafungua na kusikiliza. Matawi yetu mawili yamepata mitambo ya namna hii na yametuomba maelezo, kwa hiyo tunawaandikieni wote.

Wapo ndugu wanaosema kwamba hiyo ni anasa ya mabenki. Tunawaelewa. Kweli mtambo huu haukubuniwa kwa ajili ya mfanyakazi. Mmarekani Gordon Matthews, wa Texas, aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1979 na akaipata mwaka 1983, na kampuni yake ililenga makampuni makubwa, ili wakubwa waachiane maneno bila kumtumia karani. Lakini hata simu yenyewe haikubuniwa kwa ajili yetu, na leo hakuna kazi ya chama inayokwenda bila simu.

Wengine wanauliza kwa nini tusitumie WhatsApp tu. Mwenye simu ya intaneti na atume sauti yake huko, hatumzuii. Lakini sisi tunawahudumia wachuma chai wa upande wa Fort Portal, na wengi wao wana simu za kitochi. Kuandika ujumbe kwa vitufe, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya asubuhi, ni kazi. Kusema ni rahisi.

KWA NINI CHAMA KINALIHITAJI

Mfanyakazi hapati taabu katika saa za ofisi peke yake. Barua ya mashtaka hutolewa Ijumaa jioni, na ndani yake imeandikwa kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi afike mbele ya meneja. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi asifukuzwe kwa kosa la utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya kabla hajaelezwa sababu na kusikilizwa, tena ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe katika kikao hicho. Mtu huyo anaweza kuwa mwakilishi wa chama. Lakini mwakilishi hawezi kufika katika kikao asichokijua. Jumamosi sisi waandaaji tuko njiani, kwenye pikipiki, kutoka kambi hadi kambi. Simu inalia katika chumba kitupu.

Mchuma chai mmoja, wa shamba ambalo hatulitaji, alitupigia Ijumaa saa moja jioni. Alishtakiwa kwamba alitia maji kwenye majani ili uzito uzidi. Katika muda usiofika dakika moja alisema jina lake, shamba, kambi, kosa analodaiwa, siku na saa ya kikao, na namba ya simu ya jirani yake. Jumamosi asubuhi ndugu wa zamu alifungua sanduku, akaandika, akampigia. Jumatatu mwakilishi wetu alikaa pembeni yake na akaomba daftari la mizani liletwe mezani. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na magunia ya wote yalikuwa na maji. Kesi ikamalizika kwa onyo, na kazi hakupoteza.

Mwezi uleule mwingine alisema hivi: "Mimi ni yule wa juzi. Wamenifukuza. Fanyeni haraka." Basi. Namba iliyoonekana ilikuwa ya mwenye duka wa kituo cha biashara, anayewaazima watu simu, na hakukumbuka ni nani aliyepiga. Ilituchukua wiki 3, kwa kuwauliza wawakilishi wa mashamba matatu, kumpata ndugu huyo. Tulimpata, lakini fikirini wiki 3 bila mshahara na bila kujua kama kuna aliyekusikia.

KULIFUNGUA MARA YA KWANZA

Mtambo wa ofisi yetu unatumia programu inayoitwa Asterisk. Haiuzwi, hutolewa bure, na inafanya kazi katika kompyuta ndogo. Mitambo mingine ina vitufe tofauti, kwa hiyo mwulizeni fundi wenu. Tunayoyaeleza hapa ni ya kwetu.

Fundi atakupa namba ya sanduku na namba ya siri ya mwanzo. Kwenye simu ya mezani bonyeza nyota, 9, 7, halafu ingiza namba ya siri na umalize kwa alama ya reli. Sauti itakayokujibu ni ya Kiingereza na inasema haraka. Usiifuatilie. Jifunze vitufe kwa moyo, kama unavyojua njia ya kwenda mtoni.

Kabla ya jambo lolote badili namba ya siri: bonyeza 0, kisha 5. Jambo hili watu hulidharau. Huko Uingereza watu wa gazeti la News of the World waliingia katika masanduku ya sauti ya watu wengine, na njia mojawapo ilikuwa kutumia namba za siri za mwanzo ambazo wenyewe hawakuzibadili. Mwaka 2007 mwandishi mmoja wa gazeti hilo na mpelelezi waliyemlipa walitiwa jela, na Julai 2011 gazeti lenyewe likafungwa. Walikuwa wakitafuta habari za kuuza. Sasa mfikirieni mwajiri anayetaka kujua ni nani aliyepeleka habari za dawa ya kunyunyizia bila glavu. Kwa hiyo msiweke 1234, wala namba ya sanduku, wala mwaka wa kuzaliwa wa katibu. Namba ijulikane na watu 2 tu, katibu na msaidizi wake, na mmoja akiondoka ofisini ibadilishwe siku hiyohiyo.

Halafu rekodi salamu. Bonyeza 0, kisha 1, sema, maliza kwa alama ya reli. Ukibonyeza 2 utajisikia, 3 utarudia, 1 utaikubali. Salamu iwe fupi, maana mpigaji analipa tangu mtambo ulipoinua simu. Tumesikia ofisi moja ambayo salamu yake inataja uongozi wote tangu mwenyekiti hadi mweka hazina. Ikifika mwisho, salio la mfanyakazi limekwisha. Ya kwetu ni hii:

"Hapa ni ofisi ya chama. Sasa hatupo. Baada ya mlio sema jina, shamba au kiwanda, namba ya simu na shida yako. Tutakupigia kabla ya kesho saa sita mchana."

Kisha sentensi moja ya Kitoro na moja ya Kikiga, kwamba aseme kwa lugha anayoiweza. Kambini wapo watu wa lugha nyingi, na mtu mwenye hofu husema vizuri kwa lugha ya mama yake.

Liko pia jambo la kubipu. Mwanachama asiye na salio hupiga, hungoja mlio mmoja au miwili, hukata, akitumaini mtampigia. Kama sanduku linainua simu upesi, mnamla senti zake za mwisho. Mwambieni fundi aache simu ilie sekunde 25 kabla sanduku halijapokea. Na namba zilizobipu zisomwe kila asubuhi pamoja na ujumbe, maana kubipu nako ni kuita.

KUSIKILIZA NA KUANDIKA

Ukishaingia, bonyeza 1 usikilize. Kitufe 5 hurudia ujumbe, 6 huenda kwenye unaofuata, 7 hufuta. Ukifuta kwa bahati mbaya bonyeza 7 tena kabla hujakata simu, utarudi. Kitufe 9 huhifadhi ujumbe katika faili, na mashine itakuuliza faili lipi: lipo la kazi, la familia, hata la marafiki. Sisi tunatumia la kazi, namba 2, hayo mengine tumewaachia Wamarekani.

Mashine hutaja saa kwa hesabu ya Kiingereza. Ikisema saba ya jioni, ninyi andikeni saa moja jioni. Mkichanganya hesabu mbili katika daftari moja, siku ya kumweleza afisa wa kazi mambo yalivyokwenda mtatatizika.

Daftari ndilo lenye kazi kubwa kuliko mtambo. Andikeni tarehe na saa ya ujumbe, jina, mahali, namba, shida kwa maneno ya mwenyewe, ni nani amelichukua shauri, na siku aliyopigiwa. Ujumbe usifutwe kabla haujaandikwa. Lakini pia usiachwe milele: sanduku lina kiasi chake, nalo likijaa humkatalia anayefuata. Sisi hufungua mara 2 kwa siku, saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, na Jumapili mara 1. Tawi lisiloweza kupanga zamu hiyo lisiweke sanduku, kwa sababu mfanyakazi akishasema kwenye mlio huamini kwamba amesikiwa, naye huacha kutafuta msaada mahali pengine.

Umeme ukikatika mtambo nao hufa, isipokuwa una betri. Wakati huo hakuna salamu wala mlio. Andikeni namba ya pili, ya simu ya mkononi ya ofisi, chini ya namba ya kwanza.

KUMPIGIA ALIYEACHA UJUMBE

Hapa mwende polepole. Namba aliyoiacha huenda si yake. Huenda ni ya jirani, ya mume au mke, ya mwenye duka, na imewahi kutokea kuwa ni ya nyapara mwenyewe, kwa kuwa ndiye peke yake mwenye salio kambini. Simu ikipokelewa usianze kusema, "Tunapiga kutoka chama cha wafanyakazi kuhusu mashtaka yako." Sema unamwomba fulani, na taja jina lako tu. Ukimpata, mwulize kwanza kama yuko mahali anapoweza kusema. Kama hayupo, usiache habari ya shauri kwa mtu mwingine. Uliza saa atakayorudi.

KWA MWANACHAMA ANAYEPIGA

Kabla ya kupiga, yapange maneno yako. Anza na jina na namba ya simu, usiyaweke mwisho, maana salio hukatika mwisho. Namba iseme mara 2, polepole. Kisha mahali pa kazi, jambo lililotokea, na kama kuna siku uliyopangiwa kikao. Kama si salama kukupigia namba hiyo, sema hivyo na utaje saa iliyo salama. Malalamiko ya miaka mingi tutayasikiliza tukionana. Ukimaliza, bonyeza alama ya reli au kata.

Jambo moja tunaomba mlishike. Ujumbe katika sanduku la chama si mashtaka mbele ya serikali. Sheria ileile ya 2006 inampa aliyefukuzwa isivyo haki miezi 3, tangu siku aliyofukuzwa, kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Afisa anaweza kupokea yaliyochelewa kama kuna sababu ya haki, lakini msitegemee hisani hiyo. Miezi 3 haihesabiwi tangu siku uliyotuachia maneno, wala tangu siku tuliyoyasikia. Ukiona siku mbili zimepita na hatujakupigia, piga tena au njoo ofisini na barua yako mkononi.

KWA WAWAKILISHI WALIO MBALI

Mwakilishi asiye na mtambo anaweza kuielekeza simu yake ya mkononi kwenye namba ya ofisi pale ambapo yeye hajibu. Bonyeza nyota mara 2, 61, nyota, namba ya ofisi, alama ya reli, kisha piga. Ukiweka 62 mahali pa 61, simu itaelekezwa wakati uko bondeni bila mtandao, au umeizima. Kufuta yote, bonyeza alama ya reli mara 2, 002, alama ya reli. Uliza kwanza kampuni ya simu kama inaruhusu na inatoza kiasi gani, kwa kawaida gharama ya kuelekeza ni ya mwenye simu, si ya mpigaji. Tawi limrudishie mwakilishi pesa hiyo, isitoke katika posho ya watoto wake.

Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara kila mwakilishi apige namba ya ofisi saa za jioni na aache ujumbe wa majaribio: jina, shamba, namba mara 2. Sisi tutaandika daftarini na kumpigia Jumapili. Ambaye hajapigiwa hadi jioni atujulishe, tujue kama tatizo liko kwenye mtambo au kwenye zamu. Kadi ndogo za namba zinapatikana kwa wawakilishi wa kambi. Ishoneni au iwekeni pamoja na kitambulisho, kwa sababu betri ya simu ikiisha, namba iliyohifadhiwa ndani yake haisomeki, lakini ya kwenye kadi utaisoma na kuomba simu ya mwenzio.