Mwenye Mkojo Usiozuilika na Sala Yake

Mas-ala: Mtu atokwaye na mkojo bila ya hiari yake, akaona haya, akauacha msikiti, hukumu yake ni ipi?

Jawabu: Sala haimwondokei, wala msikiti haumfungii mlango maadamu amejihifadhi asiuchafue. Katika madhehebu ya Imam Shafi, wakati ukishaingia aoshe tupu yake, aifunge kwa pamba na kitambaa safi, kisha papo hapo atawadhe kwa nia ya kuhalalishiwa sala, asali. Kungojea sala ya jamaa hakumdhuru. Kimtokacho baadaye kimesamehewa. Kila faradhi ina udhu wake. Sunna asali atakazo.

Na haya isimzuie kujitibu. Kwa wazee mara nyingi chanzo ni tezi dume iliyokua. Kwa wengine ni kisukari. Basi na aende Hospitali ya Mnazi Mmoja akapimwe. Wallahu aalam.