Gari la Zamani Linalokula Petroli: Pimeni Kwanza, Ndipo Mshtaki



Somo letu safari hii ni la gari. Wengi wetu hatuna gari la peke yetu, lakini wengi tunachangia petroli ya gari fulani, na shilingi hizo zinatoka katika mshahara ule ule mdogo.

Tuchukue mfano. Wafanyakazi kumi na wawili wa Jinja wamechanga fedha, wamenunua Toyota Corolla ya zamani yenye kabureta. Gari linapeleka mboga za wake zao sokoni Kampala, na usiku linapeleka wagonjwa hospitali. Mwenzao mmoja ndiye dereva. Miezi ya kwanza hesabu zilikwenda sawa. Sasa fedha za petroli zimepanda, ingawa safari ni zile zile na bei ya kituoni haikubadilika. Katika mkutano mmoja wao anasema kwamba dereva anafyonza petroli na kuiuza. Dereva anakana, lakini hana karatasi ya kuonyesha. Wengine wanainamisha vichwa. Hapo ndipo kikundi kinapoanza kuvunjika.

Huenda dereva ni mwizi. Huenda gari ni bovu. Kwa maneno matupu hakuna atakayejua. Kwa kupima mtajua.

1. Jinsi ya kupima

Nunueni daftari moja, likae ndani ya gari. Jazeni tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha andikeni namba ya kilomita iliyo kwenye mita. Endesheni gari kama kawaida kwa kilomita 300 hivi. Halafu rudini kwenye pampu ile ile, gari lisimame mahali tambarare, mjaze tena mpaka pampu ijikate mara ya kwanza. Msiongeze hata kidogo. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika.

Sasa zidisheni lita hizo kwa 100, mgawanye kwa kilomita mlizokwenda. Kama ziliingia lita 39 baada ya kilomita 300, gari linakula lita 13 kwa kila kilomita 100. Kwa gari dogo la namna hiyo, hizo ni nyingi mno.

Msipime kwa mshale wa petroli, maana mshale wa gari la zamani hudanganya. Ikiwa gari limefungwa tairi za kipimo kingine, hata mita ya kilomita inaweza kudanganya. Ilinganisheni na njia mnayoijua urefu wake, au na simu yenye ramani.

2. Jaribio la siku moja

Kisha fanyeni safari moja mbele ya mashahidi. Wanachama wawili wakae na dereva tangu kujaza tangi Jinja, waende Kampala kupitia Lugazi na msitu wa Mabira, warudi, na wajaze tena pale pale. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 160. Gari libebe mzigo wa kawaida na liende mwendo wa kawaida.

Ikiwa jaribio linatoa lita 13 kama daftari, basi gari ndilo lenye kiu, na dereva aombwe radhi mbele ya wote. Ikiwa jaribio linatoa lita 9 na daftari linasema 13, bado msikimbilie kushtaki. Ulizeni kwanza: kuna safari fupi fupi za mjini? Kuna kukaa katika foleni? Risiti za kituo zinalingana na fedha zilizotolewa? Safari za mjini hula kuliko barabara kuu, hata gari likiwa zima. Mambo hayo yakiisha kuchunguzwa, ndipo watu waulizwe.

3. Kutafuta ugonjwa wa gari

Anzeni na yale yasiyo na gharama. Msinunue kifaa kipya kabla ya kujua kilichoharibika.

Uvujaji. Gari likilala, asubuhi tazameni chini yake na kwenye mipira ya petroli. Harufu kali ya petroli si jambo la kawaida. Asiwepo mwenye sigara wala moto karibu. Uvujaji utengenezwe siku hiyo hiyo, kwa sababu unaunguza gari na watu, si fedha tu.

Tairi. Pimeni upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, mfuate kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango au katika kitabu cha gari. Tairi laini hula petroli na huisha upesi pembeni. Lakini tairi zote nne zikipungua paundi 10, hasara ya petroli ni karibu sehemu 2 tu katika 100. Kwa hiyo gari lililopanda kutoka lita 9 hadi 13 lina ugonjwa mwingine pia.

Breki. Mahali tambarare, likiwa katika gea huru, gari liache lijiendee taratibu. Likisimama upesi kama limeshikwa, breki zinabana. Baada ya safari sogezeni mkono karibu na kila gurudumu, bila kugusa chuma. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake ndilo linalobanwa. Breki hizo hula petroli, na mteremkoni zinaweza kushindwa kazi.

Tamostati. Hiki ni kifaa kidogo kinachozuia maji ya radieta mpaka injini ipate joto. Injini ikichemka, mafundi wengi hukitoa na kukitupa. Basi injini hukaa baridi barabarani, petroli haiungui vizuri, na matumizi hupanda. Ikiwa mshale wa joto haufiki katikati hata baada ya mwendo mrefu, ulizeni kama tamostati ipo. Dawa ya injini inayochemka ni kutafuta sababu, kama radieta iliyoziba, feni mbovu au maji yanayovuja.

Hewa na petroli. Katika gari lenye kabureta, chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara za mashambani huinyima injini hewa, petroli ikazidi. Lisafisheni mara kwa mara, na likichoka libadilishwe. Angalieni pia choki: injini ikiisha kupata joto, choki lazima ifunguke yote. Choki iliyokwama ni kama bomba lililoachwa wazi. Ndani ya kabureta kuna boya na sindano vinavyozuia petroli isizidi. Sindano ikilika, petroli hufurika. Na gari lililorekebishwa pwani, likipelekwa kwenye nyanda za juu kama Kabale, karibu meta 2,000 juu ya bahari, hupata hewa nyepesi. Petroli huzidi mpaka kabureta irekebishwe.

Plagi. Plagi zinasema habari za injini. Zifungueni injini ikiwa imepoa. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi au moto wa plagi ni dhaifu. Unyevu wa oili maana yake injini yenyewe imechakaa. Plagi moja ikiwa tofauti na tatu nyingine, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo. Fundi apime pia nafasi ya pointi na wakati wa kuwasha moto, maana moto unaochelewa hutupa nguvu ya petroli bure.

Klachi. Mkiwa mlimani katika gea kubwa, injini ikinguruma zaidi na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza.

4. Gari lisilo na kabureta

Magari mengi ya miaka ya 1990 na baadaye hupima petroli kwa kompyuta. Humo chujio chafu hupunguza nguvu, lakini haliongezi sana matumizi. Tazameni zaidi tamostati, kwa kuwa kompyuta ikiambiwa injini ni baridi, huendelea kumimina petroli. Tazameni pia kihisi cha oksijeni kilicho kwenye bomba la moshi, ambacho mafundi hukiita sensa. Kikifa, matumizi yanaweza kupanda sana. Taa ya injini ikiwaka, fundi aisome kwa mashine yake kabla ya kubadilisha chochote.

5. Mguu wa dereva

Dereva mzuri huona mbali, huondoa mguu mapema, na hakanyagi mafuta kwa hasira ili afunge breki mbele kidogo. Mwendo ukipanda maradufu, nguvu ya upepo unaolipinga gari hupanda mara nne. Kerieri tupu iliyo juu ya gari hushika upepo huo, kwa hiyo ishusheni. Tena msiache injini ikinguruma mnaposubiri mzigo, na kamwe msiiache ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake huua bila kelele.

Lakini tusimtwike dereva kila kitu. Akiambiwa afike Kampala kabla ya saa moja asubuhi huku mzigo umechelewa kupakiwa, mwendo wa kasi umeamriwa na waliomtuma.

6. Tengenezeni kimoja, mpime tena

Kila mkitengeneza kitu, andikeni tarehe, kazi na gharama, kisha mpime tena. Mkibadilisha vitu vitano siku moja, hamtajua kilichoponya gari, na fundi atawauzia vile vinne tena.

Kama gari la mfano wetu likirudi lita 9, akiba ni lita 4 kwa kila kilomita 100. Likienda kilomita 1,000 kwa mwezi, hizo ni lita 40. Zidisheni kwa bei ya kituo chenu, mtaona ni siku ngapi za kazi mlizokuwa mkizimwaga barabarani.

Faida kubwa zaidi haimo katika lita. Mfanyakazi asihukumiwe kwa minong'ono. Sisi tunamdai mwajiri aonyeshe ushahidi kabla ya kumfukuza mwenzetu, basi sisi wenyewe tusimfukuze mwenzetu bila ushahidi. Daftari la gari linamlinda dereva mwaminifu, na linamfichua asiye mwaminifu.

Maswali ya kujadiliana matawini

1. Gari lenu lilikula lita ngapi kwa kilomita 100 mwezi uliopita? Kama hamjui, nani ataanza kuandika, na lini?

2. Jaribio linatoa lita 12 na daftari linasema 12. Mtamwambia nini aliyemshtaki dereva?

3. Fundi anashauri kutoa tamostati. Mtamjibu nini?