Masasi, Mji Chini ya Milima ya Mawe

Ukitoka Nachingwea kuelekea kusini, utaiona milima ya Masasi kabla hujauona mji wenyewe. Ni milima ya mawe, iliyosimama mmoja mmoja katika nchi tambarare. Mvua inyeshapo, maji huteremka juu ya mawe na kuzama katika udongo wa chini. Ndiyo maana watu wamependa kukaa miguuni pake.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi waliiona nchi kuwa njema, wakaomba kubaki. Wakajenga, wakalima, wakaabudu.

Hata hivyo milima haikuwa ngome. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikivamia kijiji. Baadhi ya watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Waliokwisha kuonja utumwa wakafungwa tena. Makao ya misheni yakahamishiwa Newala. Baadaye kazi ya Masasi ikaanzwa tena. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, misheni ikachomwa moto. Nayo ikajengwa upya. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, na Askofu wake wa kwanza alikuwa Vincent Lucas.

Maswali ya kujadiliana:
1. Watu wa Masasi walipata nguvu wapi ya kujenga tena?
2. Hapa Narung'ombe, mtu asiye na kwao akifika, tunampokeaje?