Dondoo muhimu: Kuwatambua kasuku wa Brussels

Kasuku wa kijani wanaopita kwa kelele juu ya paa za kituo cha treni cha Gare du Midi si wa aina moja. Jijini Brussels zipo tatu, na mazoea yao husaidia kuliko rangi.

Makazi ndiyo dalili bora. Kasuku anayejenga kwa vijiti, tena lijumba kubwa lenye vyumba vya jozi kadhaa, ni yule wa Amerika Kusini. Uso na kifua chake ni vya kijivu. Wawili waliobaki hutaga kwenye mashimo ya miti, yakiwemo yaliyochimbwa na vigong'ota. Kati yao, mwenye baka jekundu begani na mwili mkubwa ametoka Asia. Mdogo, anayejulikana pia Sudan na kaskazini mwa Uganda, hana baka hilo. Dume lake huvaa mkufu wa waridi na mweusi. Jike na makinda hawana, kwa hiyo mkufu usitegemewe peke yake. Kundi lake lilianzia kwa ndege walioachiliwa karibu na mnara wa Atomium mwaka 1974.

Chakula hakiwatenganishi sana: mbegu, matunda, machipukizi, karanga za bustanini. Huyo mdogo hushika tunda kwa mguu, akalimega na kuangusha mabaki. Maganda mabichi chini ya mti humfichua.